Jinsi ya kupanga maktaba ya visu kwenye programu ya CAM, kuanzia kwenye droo yako mwenyewe

Mafundi wenzangu wa CNC (mashine zinazoongozwa na kompyuta), leo naandika kuhusu kitu ambacho wengi wetu tunakiruka tukianza, maktaba ya visu ndani ya programu ya CAM, ile inayogeuza mchoro kuwa kodi ya kuendesha mashine. Unafungua programu, mchoro upo tayari, hamu ya kuona chenga zikiruka ipo, basi unachagua endimili (kisu cha kuzunguka kinachokata kwa ubavu na ncha) yoyote ya milimita 10 iliyokuja na programu, unatoa kodi unapeleka mashineni. Na mara nyingi inakubali kabisa. Shida ni siku ambayo haikubali.

Siku yangu ilikua hivi. Nlikua nachimba mfuko wa kina cha mm 20 kwenye kipande cha chuma laini, endimili ya 10 imefungwa kwenye holda (kishikio cha kisu) ya ER32, hiyo ni saizi ya koleti, lile bano linaloshika shina la kisu, pembeni kuna klampu imeshikilia kazi na imesimama mm 14 juu ya uso wa kazi. Klampu nlikua nimeichora kabisa kwenye programu, simulesheni ikapita safi, hakuna nyekundu ya kuonyesha mgongano hata kidogo. Ila kwenye programu kile kisu kilikua kinatoka mm 45 chini ya holda, manake ndo namba iliyokuja nayo na sikuigusa, wakati kwenye mashine nlikua nimekifunga kikitoka mm 30 tu. Piga hesabu mwenyewe, kisu kikiwa chini kabisa programu inajua nati ya holda iko mm 25 juu ya kazi, kumbe ukweli iko mm 10, na klampu iko 14. Nati ya ER32 ina upana wa mm 50 kwa hiyo inatokeza mm 20 nje ya kisu kila upande. Ikagonga. Kisu kikakatika, koleti ikaisha, kazi ikachomoka kwenye meza, namshukuru Mungu hakuna aliyeumia. Mashine ilifanya ilichoambiwa, programu nayo ilipiga hesabu sawasawa kwa namba ilizopewa, namba ndo hazikua za kisu changu.

Toka siku hiyo nina sheria moja tu, kwenye maktaba haingii kisu ambacho hakipo kwenye droo yangu, na hakuna namba inayoingia kama sijaipima kwa mkono wangu. Hatua zote hapa chini zinatoka humo. Nitatolea mfano Autodesk Fusion sababu wengi ndo tunaitumia, ila FreeCAD nayo mambo ni yaleyale, majina tu yanabadilika.

Hatua ya 1: Mwaga droo mezani

Usiwashe kompyuta kwanza. Toa visu vyote mezani, futa mafuta, tenga kwa makundi, endimili za kabaidi (ngumu kuliko chuma) upande mmoja, za HSS (chuma cha spidi kubwa) upande mwingine, drili, tapu za kuchonga nyuzi za bolti ndani ya tundu, visu vya kona vya kukata kingo kwa mshazari, biti za mbao kama una rauta (mashine ya kuchonga mbao). Kilichomeguka jino au kilichobadilika rangi kwa kuungua kiweke pembeni, hicho kinaenda kunolewa au kutupwa, hakiingii kwenye maktaba ya leo.

Kisha pima. Venia inatosha kwa urefu, kwa kipenyo tumia maikromita kama unayo. Kwa kila kisu andika kwenye daftari kipenyo cha sehemu inayokata, kipenyo cha shina, urefu wote, urefu wa sehemu yenye meno, idadi ya meno. Kama shina limepunguzwa unene juu ya meno andika na huo urefu mpaka linapoanza kuwa nene, manake ndo unakwambia kisu kinaweza kuzama kiasi gani bila kusugua ukuta.

Kuna mtego kwenye visu vya meno 3. Ukikibana kwenye venia hupati kipenyo, kwa sababu jino moja halina mwenzake upande wa pili, utasoma namba ndogo kuliko ukweli na hutojua. Njia rahisi ni kufunga hicho kisu kwenye mashine, kata mfereji kwenye kipande cha alumini kisicho na kazi, pita mara moja tu katikati, halafu pima upana wa mfereji. Hiyo namba ni bora hata kuliko ya maikromita sababu inabeba na kuyumba kidogo kwa koleti yako. Kwa visu vilivyonolewa upya hili ni la lazima, endimili iliyoandikwa 10 ikirudi kutoka kunolewa inaweza kuwa 9.7, ukiiingiza kama 10 kila mfuko utatoka mdogo kwa mm 0.3 na kila umbo la nje litatoka kubwa kwa mm 0.3, utatafuta kosa kwenye mashine wiki nzima.

Na angalia mashina kwa makini. Biti nyingi ndogo za rauta zina shina la mm 3.175, na nyingine 6.35, hizo ni inchi. Zinafanana sana na 3 na 6 kwa macho. Koleti ya ER ya 6 haiipokei 6.35, usiigongee kwa nyundo, tafuta koleti yake.

Hatua ya 2: Amua maktaba itakaa wapi

Kwenye Fusion ingia eneo la Manufacture, bonyeza Tool Library. Kushoto utaona sehemu kadhaa, kuna visu vya faili ulilofungua, kuna za kompyuta yako, kuna za wingu, na kuna zile za mfano zilizokuja na programu. Zile za mfano huwezi kuzihariri, unaweza kunakili kisu kutoka humo ukakibandika kwenye maktaba yako halafu ukabadili namba, inaokoa muda wa kujaza kila kitu toka mwanzo, ila sasa hakikisha unapitia kila sehemu maana kinakuja na namba zake.

Kama karakana ina kompyuta zaidi ya moja tumia wingu, wote mtaona maktaba moja. Kama intaneti yenu ni ya kubahatisha weka kwenye kompyuta halafu toa nakala mara kwa mara. Kwa FreeCAD kila kisu ni faili lake lenye mwisho wa .fctb na maktaba ni faili la .fctl linaloorodhesha hivyo visu, na mimi hiyo naipenda sababu unakopi folda zima kwenye flashi umemaliza. Toka toleo la 1.0 lililotoka Novemba 2024 ile sehemu iliyokua inaitwa Path sasa inaitwa CAM, kwa hiyo ukiangalia video ya zamani usichanganyikiwe.

Tengeneza maktaba moja kwa kila mashine. Sio moja kwa kila material, sio moja kwa kila kazi. Sababu ni kwamba kisu kikifungwa kwenye mashine fulani kina namba yake, holda yake na uwezo wa spindo ile (mhimili unaozungusha kisu), endimili ya 6 kwenye mashine ya chuma inayoishia mzunguko 8000 kwa dakika sio kisu kilekile ukikipeleka kwenye rauta ya 24000. Ipe jina la mashine, mfano "VMC kubwa" (VMC ni mashine ya kukata chuma yenye spindo ya wima) na "Rauta ya mbao".

Hatua ya 3: Namba kabla ya jina

Hapa wengi hawafikirii. Namba ya kisu ndo inayoenda kwenye kodi, ukiandika 3 kwenye maktaba kodi itatoka T3 M6 (chukua kisu namba 3) halafu G43 H3 (tumia urefu uliohifadhiwa namba 3). Kama kwenye mashine yenyewe namba 3 ni drili na kwenye maktaba ni endimili, mashine itaichukua drili na kuisukuma ubavuni kama endimili. Kwa hiyo kaa na mwenzako mnaotumia nae mashine, pangeni namba na zisibadilike.

Mimi nimegawa hivi, mashine yangu ina nafasi 20 za kubeba visu. Namba 1 mpaka 8 ni visu vya kudumu, havitoki, 1 ni ya kusawazisha uso, 2 endimili ya 16, 3 endimili ya 10, 4 ya 6, 5 drili ya kutoboa alama ya katikati, 6 kisu cha kona cha nyuzi 90, 7 na 8 ni drili za tapu ninazotumia sana. Kuanzia 9 mpaka 20 ni za kupita, zinaingia na kutoka kutokana na kazi. Visu vingine vyote vilivyo kwenye droo navipa namba kuanzia 101, hivyo kodi ikitoka na T104 mashine inakataa hapohapo kwa sababu nafasi hiyo haipo, na mi najua nimesahau kukipa nafasi. Hilo kosa ni bora litokee kwenye skrini.

Kwenye ukurasa wa Post Processor (postprosesa, sehemu inayogeuza njia za kisu kuwa kodi ya mashine yako) wa kila kisu utaona namba ya kisu, namba ya fidia ya urefu na namba ya fidia ya kipenyo. Ziache zote tatu zifanane. Kisu 3, urefu 3, kipenyo 3. Zikitofautiana kisu kinaweza kushuka kwa urefu wa kisu kingine, na hiyo ndo njia ya haraka ya kuchimba meza.

Wenye rauta ndogo zinazotumia GRBL (programu ya bure inayoongoza mashine ndogo), ile GRBL ya kawaida haielewi M6 kabisa, itatoa kosa. Tumia postprosesa inayofuta hiyo amri, na toa faili moja kwa kila kisu, jina la faili liwe na namba na kisu chenyewe. Hata wenye leseni ya bure ya Fusion mnaijua hii, kubadili visu ndani ya faili moja kumezuiwa toka 2020, kwa hiyo namba zilizopangwa vizuri zinakusaidia kujua faili lipi linafuata.

Jina nalo liwe la kusomeka na mtu aliyechoka saa moja usiku. Naandika kipenyo, aina, meno, material ya kisu, mfano "10 endimili meno 4 kabaidi". Kwenye sehemu ya maelezo naandika droo gani kimekaa, nimekinunua mwezi gani, kimenolewa mara ngapi.

Hatua ya 4: Kujaza umbo

Sasa chukua daftari lako ujaze. Chagua aina sahihi kwanza, endimili bapa, ya mpira (yenye ncha ya duara), ya kona ya mviringo, drili, tapu, kwa sababu programu inabadili hesabu zake kutokana na aina. Hakikisha kipimo ni milimita, nimeona mtu kaingiza 6 kwenye kisu kilichowekwa inchi, kisu kikatokea kwenye skrini kikubwa kama ndoo, huyo alikua na bahati kwamba kilionekana.

Urefu wa meno na urefu wa bega usivichanganye. Meno ndo yanakata, bega ndo mwisho wa sehemu yenye unene uleule au iliyopunguzwa. Kwa endimili ya kawaida ya 10 yenye meno ya mm 25, usijaze 40 eti sababu kisu ni kirefu, programu itakuruhusu kukata ukuta wa 40 kwa mpigo mmoja na sehemu ya juu ya shina itasugua tu, itapata moto, itasukuma kisu pembeni.

Kisu cha kona nacho kina ncha ambayo sio kali kama sindano, mara nyingi ina ubapa wa mm 0.2 mpaka 0.5. Upime, ujaze. Ukiacha sifuri kona zote zitatoka tofauti na mchoro na utaanza kurekebisha kwa kubahatisha.

Drili angalia pembe ya ncha, nyingi ni nyuzi 118, zile ngumu zaidi 135. Hii inaamua ncha inatangulia kiasi gani. Kwa 118 ncha ni karibu 0.3 ya kipenyo, kwa hiyo drili ya 10 ina ncha ya mm 3, ukitaka tundu litoboke mpaka chini lazima ishuke hizo 3 zaidi. Kwa 135 ni karibu 0.2, yani mm 2. Programu inapiga hesabu yenyewe ila lazima iambiwe pembe ya kweli.

Hatua ya 5: Holda, na urefu unaotoka

Hii ndo iliyoniumiza kwa hiyo nivumilieni.

Kila holda uliyonayo ichore mara moja. Huhitaji kila mkunjo, mitungi mitatu minne iliyopandana inatosha, nati, shingo, mwili, flanji. Pima nati yako, ya ER32 ni mm 50, ya ER20 ni 34, ya ER11 ni 19, flanji ya BT40 (aina ya holda inayoingia kwenye spindo) ni 63. Hifadhi holda kwenye maktaba yake ya peke yake halafu uivishe kwa kila kisu.

Halafu ile namba inayoitwa Length below holder, urefu wa kisu kutoka ncha mpaka uso wa nati. Hii haitoki kwenye katalogi, haitoki kwenye boksi, inatoka kwenye mkono wako siku ulipofunga kisu. Mi nafanya hivi, kwa visu vya kudumu nimeamua urefu mmoja na nimeuandika kwa maka kwenye holda yenyewe, "T3 = 30". Kila nikibadili kisu kilichokufa nakifunga nikiwa na venia mkononi kitoke mm 30, ikizidi 31 sawa, ikipungua hapana, nafungua nafunga tena. Kisu kikitoka zaidi kidogo holda iko mbali zaidi na hatari, kikitoka pungufu ndo balaa.

Na usikitoe kirefu kuliko unavyohitaji eti kwa usalama. Kisu kinapinda kwa kipeo cha tatu cha urefu, yani ukitoa mara mbili zaidi kinapinda mara 8, kwa nguvu ileile. Kipenyo ndo kikali zaidi, kisu cha nusu ya unene kinapinda mara 16. Kwa hiyo endimili ya 6 inayotoka 50 sababu tu umezoea, ndo ile unasikia mashine inalia, ukuta unatoka na mawimbi, halafu unalaumu spidi. Fupisha kwanza kisu ndo uguse spidi.

Ukimaliza, kwenye kila operesheni washa ukaguzi wa shina na holda. Kuna chaguo la kukataa njia yote kama holda inagonga, na kuna la kuikwepesha. Mimi naanza na kukataa, nataka kuambiwa.

Hatua ya 6: Spidi na fidi, namba za kwako

Kila kisu kinaweza kuwa na seti nyingi za spidi, moja ya chuma laini, moja ya alumini, moja ya mbao, unazipa majina, ukichagua kisu unachagua na seti. Hapa ndo maktaba inaanza kukurudishia muda wako.

Hesabu ni mbili tu, zifanye hata kwenye simu. Mzunguko wa spindo ni spidi ya kukata, ile ya mita kwa dakika, mara 318 gawanya kwa kipenyo. Fidi, yani mwendo wa kisu kwa mm kwa dakika, ni mzunguko mara idadi ya meno mara unene wa chenga kwa kila jino.

Mfano, kabaidi ya 10 meno 4 kwenye chuma laini, anza na mita 120 kwa dakika. 120 mara 318 gawanya 10 ni karibu 3800. Chenga mm 0.05 kwa jino, 3800 mara 4 mara 0.05 ni 760 kwa dakika. Kisu hichohicho kikiwa HSS spidi inashuka mpaka 25, mzunguko unakua karibu 800, fidi 160. Unaona tofauti, karibu mara 5, na kwa macho visu vinafanana, ndo mana jina la kisu lazima liseme kabaidi au HSS.

Alumini kwa kabaidi ya 6 meno 3, spidi 300, mzunguko unatoka 15900. Kama spindo yako inaishia 8000 basi jaza 8000 na upige fidi upya kwa huo mzunguko, usiache ile fidi ya 15900, nimeona mtu kafanya hivo, chenga kwa jino ikawa mara mbili na kisu cha kwanza hakikufika hata mwisho wa mstari. Na kwa wenye spindo za rauta za 24000, hizo zinakua dhaifu ukishuka chini sana, usijaribu kukata chuma kwa kisu kikubwa kwa mzunguko 2000 eti hesabu imesema, nguvu haipo.

Mbao ni kinyume cha watu wanavyofikiri. Wanaogopa, wanapunguza fidi, mbao inaungua, inatoa moshi, kisu kinakufa. Biti ya 6 meno 2 kwa mzunguko 18000 chenga ya 0.1 inataka fidi ya 3600 kwa dakika. Kama mashine yako haiwezi kukimbia hivyo shusha mzunguko, usishushe fidi peke yake. Kwenye mninga mkavu na mkongo punguza kina cha kila mpito lakini acha chenga iwe chenga, ukiona unga mwembamba badala ya vipande kisu kinasugua hakikati.

Sasa jambo la huku kwetu. Namba zote za katalogi zinadhani unajua material yako. Wengi wetu chuma tunanunua skrepa, kinaweza kuwa chuma laini, kinaweza kuwa shafti ya lori au springi. Kabla sijachagua seti napitisha faili la mkono (tupa) kwenye kona, likikwangua vizuri ni laini, likiteleza kama kwenye kioo hicho ni kigumu na endimili ya HSS haiingii hapo. Alumini pia, ile ya profaili za madirisha mara nyingi ni aina ya 6063, ni laini na inanata kwenye meno, inataka kisu cha meno machache, moja au mawili, chenye meno yanayong'aa, na kilainishi. Ile iliyoyeyushwa mtaani kutoka kwenye sufuria na injini huwezi kujua kuna nini ndani, ina mchanga, ina vipande vigumu, ina seti yake ya peke yake kwenye maktaba yangu nimeiita "alumini ya kuyeyusha" na spidi yake ni nusu. Kabaidi nzuri siipeleki humo.

Kingine, ukitumia njia za kisasa zinazokata upana mdogo wa kisu, unene wa chenga unapungua kuliko ulichoandika. Ukikata asilimia 10 tu ya kipenyo, chenga halisi inakua karibu 0.6 ya uliyopanga, kwa hiyo unaweza kuzidisha fidi kwa 1.6 bila kumwonea kisu. Tengeneza seti ya peke yake ya hiyo, mfano "chuma laini, upana 10%", usiitumie kwenye mfereji ambapo kisu kinakata upana wote, huko kitakatika. Na kisu cha mpira kikigusa kidogo tu kwa ncha hakikati kwa kipenyo chake, cha 10 kikizama 0.5 kinakata kwa kipenyo cha karibu 4.4, hapo mzunguko unaruhusiwa kupanda.

Seti mpya yoyote naianza kwenye asilimia 70 ya fidi, nasikiliza, naangalia chenga, napandisha kwa kitasa cha mashine. Ikikaa vizuri kwa kazi mbili tatu ndo narudi kwenye maktaba naandika namba mpya na neno "imejaribiwa" kwenye jina la seti. Ambazo hazina hilo neno kijana wangu wa karakana anajua hazigusi bila kuniuliza.

Hatua ya 7: Tapu

Tapu haina fidi ya kuchagua. Fidi ni mzunguko mara hatua ya uzi, nukta. M10 ya hatua 1.5 kwa mzunguko 200 ni 300 kwa dakika, sio 290 sio 310. Ukijaza hatua vibaya kwenye maktaba tapu inakatikia ndani, na tapu iliyokatikia ndani ya kazi ya mteja mnajua wenyewe. Andika kwenye maelezo ya tapu drili yake, M6 ni 5.0, M8 ni 6.8, M10 ni 8.5, na kama ni tapu ya ncha inayosukuma chenga mbele hiyo ni ya tundu lililotoboka, ile yenye mfereji wa kuzunguka inayovuta chenga juu ndo ya tundu lisilotoboka. Tofauti hii iandike kwenye jina kabisa.

Hatua ya 8: Kujaribu, na kutunza

Maktaba ikijaa chukua mchoro mdogo, mfuko mmoja, tundu mbili, kona moja, umbo la nje. Tumia visu vitano vya kudumu, endesha simulesheni holda zikionekana, halafu toa kodi uifungue kwenye kihariri cha maandishi, angalia kila T na H zinafanana. Kisha iendeshe hewani mm 50 juu ya kazi, mkono kwenye kitufe cha kusimamisha. Ukiridhika kata kwenye kipande cha plastiki au mbao laini, pima kila kitu, hapo utajua kipenyo gani ulidanganywa na venia.

Jua pia kwamba kwenye Fusion kisu ukishakitumia kwenye faili kinakua nakala. Ukibadili kipenyo kwenye maktaba leo, kazi uliyoichora mwezi uliopita bado ina kipenyo cha zamani. Mteja akirudi kutaka vipande 20 zaidi usitoe kodi moja kwa moja, fungua visu vya lile faili ulinganishe na maktaba, kilichonolewa kibadilishe, halafu tengeneza njia upya.

Kila Jumamosi kabla ya kufunga natoa nakala ya maktaba, naiweka kwenye flashi na naituma kwenye barua pepe yangu, faili linaitwa kwa jina la mashine na tarehe. Na pembeni ya mashine kuna karatasi imebandikwa, namba ya kisu, jina, urefu unaotoka, tarehe kilipowekwa, anayebadili kisu anaandika hapo kwa kalamu, Jumamosi naipitia karatasi na kuhamishia kwenye kompyuta kabla ya ile nakala.